Kabla Kreni Haijafika: Kuokoa Magari ya Kijapani ya Kale Kutoka Skrepa

Mtu wa skrepa hana ugomvi na gari la zamani. Yeye ana mizani, ana mtungi wa gesi ya kukatia, na ana lori linalokuja kubeba mzigo yadi ikijaa. Honda ya mwaka 1965 na friji bovu vikipanda kwenye mizani ile, vyote ni kilo. Kwa miaka mingi nimezunguka kwenye yadi za vyuma chakavu nikitafuta magari ya mwanzo mwanzo ya Wajapani, yale ya miaka ya 1950 na 1960 hadi mwanzoni mwa 1970. Sehemu kubwa ya niliyojifunza inahusu jambo moja: kujua ni kitu gani kwenye gari kikipotea hakirudi tena, na kukifikia kabla ya kreni.

Watu huniuliza magari hayo yamekuwaje adimu ilhali yalitengenezwa kwa wingi. Kweli, mengine hayakuwa mengi. Toyota 2000GT zilizotoka ni kama 350 tu, na Mazda Cosmo Sport ya injini ya rotari haikufika 1,200 tangu 1967 hadi 1972. Lakini hayo yana bahati yake, kila mtu anajua thamani yake na huwezi kuyakuta yamelala kwenye matope. Yanayoishia skrepa ni yale ya kawaida: Publica, Corona na Corolla za kwanza za Toyota, Datsun za familia (Datsun ni jina la magari ya Nissan), vipikapu vya mizigo. Yalinunuliwa kwa unafuu wake, yakapigishwa kazi, yakauzwa kwa mtu wa pili na wa tatu, na wa mwisho akayamaliza. Bati lake lilikuwa jembamba na kinga yake dhidi ya kutu haba. Kwenye nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji yalioza kuanzia chini, dereva akaanza kuona lami kupitia sakafu wakati injini bado inavuta vizuri.

Halafu kuna watengenezaji ambao wenyewe walitoweka. Prince iliungana na Nissan mwaka 1966. Mwaka huohuo Hino ikaingia kwenye ushirikiano na Toyota, na muda si mrefu ikaachana na magari madogo, ikabaki na malori na mabasi. Nani angeendelea kutengeneza spea za Hino Contessa?

Hata Toyota yenyewe ilijikuta mkono mtupu. Gari lake la kwanza la abiria, Toyoda AA, lilianza kutengenezwa mwaka 1936, na kwa jumla zikatoka 1,404. Kampuni ilipofikia kuadhimisha miaka 50 ilibidi iunde nakala, kwa sababu haikuwa na hata moja ya asili. Ndipo mwaka 2008 ikaibuka moja huko Urusi, imechakaa, imefanyiwa kila aina ya ukarabati wa kujikimu. Sasa iko Louwman Museum, The Hague, Uholanzi, na wameiacha vilevile ilivyopatikana. Mimi nikisikia mtu anasema "hilo la nini, limeshakufa," huwa naikumbuka hiyo.

Nikiingia kwenye yadi ngeni sianzi na magari yaliyopangwa mbele. Hayo ni ya juzi juzi, yanachunwa spea kila siku. Naenda nyuma kabisa, kwenye uzio, ambako majani yamepanda hadi kwenye vioo. Gari lililoko huko pengine lilikuwepo kabla hata mwenye yadi wa sasa hajainunua. Alama za majina sizitegemei, kwani ndizo za kwanza kung'olewa. Naangalia umbo na mambo ambayo mwizi hawezi kuondoka nayo.

Kwa mfano Subaru 360, ile ndogo iliyotoka 1958 hadi 1971, bawaba za milango yake ziko nyuma, kwa hiyo mlango unafunguka kinyume na ulivyozoea. Paa lake ni la faibaglasi. Utakuta bodi yote imekuwa wekundu wa kutu na paa limebaki zima kama bakuli lililofunikwa juu ya uchafu. Hino Contessa haina grili ya mbele ya kupitisha hewa, maana injini iko nyuma, na matundu ya hewa utayakuta huko. Honda za michezo za mwanzo, S500 na S600, ukiinama ukachungulia kwenye magurudumu ya nyuma unakuta kasha la aluminiamu kila upande. Ndani yake kuna mnyororo, kama wa pikipiki, unaozungusha gurudumu. Mara ya kwanza kuliona kasha lile nililala chali kwenye tope nikalitazama kwa muda mrefu kuliko akili timamu inavyoruhusu. Kampuni ya pikipiki ilikuwa inajifunza kutengeneza gari, na ilitumia ilichokijua.

Kinachoniuma zaidi ni vipikapu. Honda T360 ya mwaka 1963 ndiyo iliyoitangulia S500 sokoni. Ni kigari cha mizigo, kidogo, chenye sura ya kuchekesha. Lakini chini ya kiti kuna injini ya silinda nne yenye sentimita za ujazo 354, kemshafti mbili juu na kabureta nne, inayotoa nguvu yake yote kwenye mizunguko 8,500 kwa dakika. Kigari cha kubebea mboga chenye moyo wa gari la mashindano! Mkataji wa skrepa anaona pikapu iliyokufa, anawasha gesi.

Umbo likishanivuta, nafungua boneti na kutafuta kibati chenye namba za utambulisho wa gari. Hapa ndipo inapohitajika subira. Kibati cha zamani kimefunikwa na oili iliyoganda, vumbi, wakati mwingine na rangi ya mtu aliyepiga brashi bila kujali. Usikwangue kwa bisibisi wala brashi ya waya, maana herufi zimebonyezwa kidogo tu na bati ni laini. Mimi hulowesha kitambaa kwa dizeli, nakibandika juu ya kibati, naenda kukagua mengine, narudi. Uchafu unakuwa umelainika, unafuta taratibu na herufi zinajitokeza moja moja.

Na herufi hizo si mapambo. Chukua Fairlady Z, gari la michezo la Nissan, ile ambayo nje ya Japani ilijulikana zaidi kama Datsun 240Z. S30 ni bodi. HS30 ina injini ya lita 2.4, na ikiwa HLS30, hiyo L inasema usukani uko kushoto. Ukikuta PS30, kaa chini kwanza. Hiyo ni Z432, iliyofungwa injini ya S20, uzao wa injini za mashindano za Prince, ileile iliyokuwa kwenye Skyline GT-R ya kwanza. Zilitengenezwa mia nne na ushee tu. Kwa macho ya mbali hizi zote ni gari moja. Datsun nyingi za kipindi hicho zina kitu kingine cha msaada: kibati kinataja na namba ya injini, basi unalinganisha na ile iliyogongwa kwenye bloku na kujua kama injini na bodi vilizaliwa pamoja au vilikutanishwa ukubwani. Kuna fundi mmoja California alifuta uchafu kwenye namba ya Honda N600 kuukuu aliyokuwa nayo, akakuta 1000001. Ilikuwa N600 ya kwanza kabisa kupelekwa Marekani. Mwaka 2016 Honda ikauonyesha ukarabati wake hadharani. Gari hilo lingeweza kuchunwa spea, likaisha, na pasiwe na mtu wa kujua.

Sasa nieleze habari ya Datsun mbili, kwa sababu ndizo zilizoninyoosha akili.

Zilikuwa za aina ya 510, Bluebird za kizazi kile kilichoanza mwaka 1967. Moja saluni ya milango minne, nyingine stesheni wagoni. Saluni ilikuwa imesimama kwa magurudumu yake, rangi bado inaonekana, injini ya L16 ipo yote na kabureta yake. Stesheni ilikuwa imekaa chini, boneti imeliwa na kutu, madigadi ya mbele yamekunjwa, injini haipo. Mtu yeyote aliyekuja nami angesema chukua saluni, iliyobaki iende zake.

510 za saluni zina jina. Mwaka 1970 Datsun 1600 SSS, ambayo ni 510, ilishinda mbio za magari za East African Safari ikiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Marekani, John Morton akatwaa ubingwa wa Trans-Am wa magari yasiyozidi lita 2.5 mwaka 1971 na 1972 akiwa na 510 ya timu ya Pete Brock. Kwa sifa hizo saluni zimetafutwa, zikatunzwa, nyingine zikageuzwa za mashindano. Stesheni haikushinda chochote. Ilibeba saruji, mbuzi, magodoro, na ilipochoka ikakatwa. Kwa hiyo stesheni ndiyo adimu.

Lakini uadimu peke yake hautoshi kukufanya ubebe chuma kilichooza. Nilichofanya ni kuzunguka zote mbili nikijiuliza sehemu kwa sehemu: hii naweza kuipata kwingine? Boneti, madigadi, milango ya mbele, kioo kikubwa cha mbele, dashibodi, shokapu za mbele, injini, gia boksi: hivyo saluni inavyo, na vinaingia kwenye stesheni bila ubishi. Injini za familia ya L nazo zinabadilishana kwa urahisi, hata L18 inakaa palepale. Nyuma ndiko mambo yanakotofautiana. Saluni ina mikono ya kujitegemea kila gurudumu na springi za kuzunguka. Stesheni ina ekseli nzima na springi za majani, kama pikapu. Vioo vya ubavuni nyuma, mlango wa nyuma, kioo chake, taa za nyuma, vyote ni vya stesheni peke yake.

Nikaenda nyuma ya stesheni. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Kioo kizima. Taa zote mbili zina makava yake, moja lina ufa mdogo pembeni. Vioo virefu vya ubavuni vipo. Nikajua ipi inaishi.

Nilimfuata mwenye yadi, mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini akipanga waya za shaba.

"Mzee wangu, zile Datsun za kule nyuma unaziuzaje?"

"Ipi? Ile nzuri au ile ya mizigo?"

"Zote mbili."

Akacheka. "Kijana, unataka kufungua skrepa yako?"

Kuna wenzangu wanaoamini kwamba hapa unatakiwa ujifanye hujui kitu, upige teke tairi, ulalamike kutu, ununue kwa kilo na kuondoka mbio. Siwalaumu, ila naona ni hesabu ya mtu anayetaka gari moja tu maishani. Nilimwambia mzee ukweli kwamba ile ya mizigo ndiyo ninayoitaka, kwamba zimebaki chache, na kwamba nitampa zaidi ya bei ya chuma kwa sharti moja: asiiguse kwa foklifti. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa chumvi ina thamani kuliko nyama. Lakini tangu siku ile, kikiingia kitu cha ajabu kwenye yadi yake, hunipigia simu kabla ya kumpigia mkataji.

Suala la foklifti si utani. Zile pembe mbili za chuma zikiingia chini ya gari la bodi nyembamba, uzito wote unakaa kwenye sakafu na vizingiti vya milango, sehemu zilezile ambazo tayari kutu imezila. Nimeona gari lililokaa miongo likiwa linaokoka vizuri, likauawa katika nusu dakika ya kuhamishwa. Ukilipandisha kwa mikanda inayopita chini ya ekseli, au ukalivuta kwa winchi juu ya magurudumu yanayozunguka, limekwisha kufika nyumbani. Breki zikiwa zimeshika, legeza nati ya kurekebishia au vua ngoma za breki kwa utulivu pale pale yadini. Kuburuta ni mwiko.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kila nchi ina sheria zake: uliza kadi ya gari kabla ya kutoa pesa. Sehemu nyingi, gari likishafutwa kwenye usajili kama lililoharibiwa, haliruhusiwi kurudi barabarani hata ulitengeneze kwa dhahabu. Hilo linabaki la spea au la maonyesho, na bei yake iwe hivyo.

Kuvua vitu ndiyo kazi inayotaka mikono mizuri, na hapa kuna jambo dogo linaloharibu magari mengi. Skrubu za magari haya zina msalaba kichwani, na kila mtu anakimbilia bisibisi ya nyota aliyo nayo, ya Phillips. Inafanana, lakini haiingii sawasawa. Msalaba wa Kijapani ulichongwa kwa vipimo vya JIS, yaani viwango vya viwanda vya Japani. Bisibisi ya Phillips haifiki chini, ukikaza inapanda juu na kukata kichwa cha skrubu. Kwenye kabureta ya Hitachi au kasha la taa, skrubu ikishaliwa kichwa unaanza kutoboa kwa drili, na drili ikiteleza umepoteza aluminiamu usiyoweza kuinunua. Nyingi za JIS zina kidoto kidogo kando ya msalaba. Nunua bisibisi yake, igonge kidogo kwa nyundo kabla ya kuzungusha, na skrubu iliyokaa miaka 50 inafunguka kana kwamba ilikazwa jana. Hakuna kifaa nilichonunua kwa pesa kidogo kikanirudishia kingi hivyo.

Naanza kuvua kwa mpangilio wa uhaba: vioo kwanza, halafu taa, halafu mapambo ya chuma king'aacho, vishikizo, saa za dashibodi, na raba hata kama zimekauka, kwa kuwa raba iliyokauka ni kipimo cha kuchongea nyingine. Injini naiacha mwisho. Watu hunishangaa. Lakini injini ni chuma, na chuma kinachongwa, kinajazwa, kinatafutiwa pistoni. Kava la taa la plastiki lililovunjika vipande halichomelewi.

Injini iliyoshika nayo ina adabu yake. Usiwashe stata. Toa plagi, mimina oili nyepesi ya kupenya kwenye kila silinda, acha ikae siku kadhaa, ongeza, kisha jaribu kwa spana kwenye nati ya krenki, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikisogea hata upana wa ukucha, umeshinda. Kwa Honda S600 nazidisha upole, maana krenki yake inazungukia beringi za sindano, na kutu kwenye beringi za namna hiyo si ya kulazimisha. Tanki la mafuta ondoa mapema. Petroli ya zamani inageuka ulimbo wenye harufu ya rangi mbovu, na ukiuruhusu ufike kwenye kabureta umejiongezea kazi.

Vitu vidogo vya chuma navisafisha kwa umeme: beseni la plastiki, maji, magadi ya kufulia, chaja ya betri. Hasi inashika kipande chako, chanya inashika chuma chakavu cha kutoa kafara. Kutu inaachia bila kula chuma kizima, na maandishi madogo yaliyogongwa yanabaki. Usitumie chuma cha pua kwenye chanya, kinatoa sumu ya kromu ndani ya maji, na fanyia kazi mahali penye hewa, maana gesi inayotoka inashika moto.

Ubishi mkubwa kwenye karakana yangu hautokani na ufundi, unatokana na rangi. Kijana ninayefanya naye kazi alitaka stesheni ipigwe rangi mpya, ing'ae. "Kaka, mtu akiiona hivi atadhani bado iko skrepa." Mimi nilitaka ubavuni ibaki kama ilivyo, na maandishi yaliyofifia ya biashara fulani yanayosomeka nusu. Tulikubaliana kwamba kilichooza kinabadilishwa na kinachoshika kinaachwa. Vizingiti vipya vimechomelewa, mihimili ya chini imetengenezwa upya, boneti na madigadi ya saluni yamefungwa na rangi yao ya saluni. Gari lina rangi mbili na haliombi radhi.

Saluni ilitoa kila ilichokuwa nacho. Mikono yake ya nyuma na difu vilichukuliwa na mtu mwenye 510 ya milango miwili, naye akanipa kava la taa ya nyuma ya stesheni lisilo na ufa, alilokuwa nalo kwenye sanduku bila kujua ni la gari gani. Milango ya nyuma imepakwa oili, ina lebo, iko rafuni. Ganda lililobaki nililirudisha mwenyewe kwa mzee, akalipandisha kwenye mizani, akanilipa kwa kilo.

Bado natafuta raba inayozunguka kioo cha mlango wa nyuma. Ya sasa imekatika pembeni na mvua ikinyesha maji yanaingia hadi kwenye kisima cha tairi la akiba, ndiyo maana stesheni inalala ndani. Mzee ana picha yake kwenye simu. Wiki iliyopita alinipigia kuniambia kuna Publica imeingia, injini yake ya silinda mbili ipo, na mkataji anakuja keshokutwa. Injini ya aina hiyo ndiyo mzazi wa ile ya Toyota Sports 800, kigari cha michezo, kwa hiyo nimemwomba aiweke pembeni, kwenye mbao, na foklifti ikae mbali.